Weji ya kununua ukiwa Dar: bledi au ya mgongo uliochimbwa?

Pale klabu ya gofu ya Gymkhana nikiulizwa ushauri wa weji, ile fimbo ya gofu ya kurusha mpira juu kwa mapigo mafupi, anayeuliza mara nyingi anakuwa ameshajijibu, anataka bledi, ile nyembamba ya mgongo bapa, kwa sababu ndo anayoiona mikononi mwa maproo kwenye tivii. Namwambia fungua begi tuone. Aironi zake zote, yaani fimbo za kichwa cha chuma, kuanzia namba tano mpaka tisa zimechimbwa mgongo, yaani chuma kimetolewa katikati kikasukumwa pembeni ili mpira ukigonga nje ya katikati uso wa fimbo usijigeuze sana. Sasa kama namba saba, ambayo unaipiga umesimama vizuri kwenye fawei, ile njia ya majani mafupi, inakusaidia, kwanini ukifika kwenye weji, ambayo unaipiga mguu mmoja juu mwingine chini, mpira umezama kwenye majani, ndo uukatae msaada?

Kabla ya yote geuza fimbo uangalie soli, yaani upande wa chini wa kichwa chake. Kwenye weji za Vokey za Titleist utakuta imegongwa kitu kama 56.10 S: 56 ni digrii za lofti, yaani uso wa fimbo umelala kiasi gani, 10 ni baunsi, S ni jinsi soli ilivyosagwa. Baunsi ndo wengi wanairuka na ndo inayoamua mambo kwa huku kwetu. Ni ile pembe inayofanya tumbo la soli liguse chini kabla ya makali ya mbele. Digrii 4 mpaka 6 ni ndogo, 7 mpaka 10 ya kati, ikizidi hapo ni kubwa. Mchanga laini unapenda kubwa maana fimbo inateleza badala ya kuzama. Ardhi ngumu inaikataa.

Na Dar tuna vyote viwili. Masika, Machi mpaka Mei, ardhi inalowa na fimbo yenye baunsi ndogo inachimba kama jembe. Ikifika mwezi wa nane sehemu zisizo na majani zimekauka mpaka zinalia ukizigonga. Niliwahi kuazima weji moja ya soli pana sana nikaenda nayo Lugalo kipindi hicho cha kiangazi, kwenye banka, lile shimo la mchanga, ilinitoa mara mbili kwa raha kabisa, nikaona nimemaliza kutafuta. Mashimo mawili mbele mpira ukakaa pembeni ya grini, pale penye kishimo cha kuingizia mpira, pamekwanguka, hapana jani. Nikapiga ileile. Soli ikadunda chini, makali yakaja kuugonga mpira tumboni, teng, ukavuka grini nzima ukalala upande wa pili. Kedi wangu, anayenibebea begi, akaniambia taratibu, "Bosi, hapa hiyo soli haiingii, chukua tisa uisukume tu." Alikuwa sahihi na mpaka leo nafanya hivyo.

Kwahiyo mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza, kwa mtu wa handikapu 12 na kuendelea (handikapu ni mapigo ya nyongeza anayopewa mchezaji, ikiwa kubwa bado anajifunza), ni weji ya mgongo uliochimbwa yenye soli ya kati, siyo pana kupitiliza. Cleveland CBX ndo mfano mzuri, ilianza 2017 na CBX4 ikatoka 2024, na zile za katikati yake bado ni fimbo nzuri sana ukizipata zimetumika. Kwenye zilizofuata ile ya kwanza, ndani ya kichwa upande wa karibu na shafti, yaani mti wa fimbo, wameacha uwazi, uzito ukahamia upande wa ncha, na wengi wetu tukikosea ndo tunagongea huko kwenye ncha. Pigo la mita 70 lililogonga nje kidogo linafika mwanzo wa grini badala ya kuishia kwenye banka. Hiyo tu inatosha kunishawishi.

Ya pili ni kuchanganya, na hii ndo ninayoitumia mwenyewe: 50 na 56 za kuchimbwa, alafu 60 ya bledi. Fimbo ya 60 unaitaka pale unapofungua uso kurusha mpira juu ya banka, na bledi iliyosagwa kisigino inakaa chini vizuri hata ukiifungua. Ila kama hufanyi mazoezi ya hilo pigo, 60 iache kabisa, fimbo zinazoruhusiwa kwenye begi ni 14 tu.

Ya tatu, bledi tupu, Vokey SM9 au SM10, Cleveland RTX, TaylorMade Milled Grind. Ni fimbo tamu, hakuna ubishi, unachagua soli unayotaka na mkono unasikia kila kitu. Kama unagonga katikati mara nyingi na aironi zako nazo ni nyembamba, kwako hii ndo namba moja, wala usinisikilize mimi. Chukua baunsi ya kati, 8 au 10, itakufaa masika na kiangazi.

Ya mwisho zile za soli pana sana, kama Cleveland Smart Sole au Callaway Sure Out. Kama banka linakutoa jasho kabla hujaingia, nunua, itakutoa. Ila ujue kiangazi nje ya banka utateseka nayo.

Kuhusu lofti, usikariri 52, 56, 60. Angalia pichingi, ile weji inayokuja na seti yako ya aironi, kwanza, za siku hizi nyingi zina digrii 43 mpaka 45, za zamani zilikuwa 48. Ukiwa na ya 44 ukaongeza 56 pekee hapo katikati kuna shimo la digrii 12, lazima upate 50. Acha digrii 4 mpaka 6 kati ya fimbo na fimbo.

Zilizotumika, za makedi au za mtu anayehama nchi, ni sawa kabisa. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso kukatiza, kama ukucha haukwami mifereji imekwisha, mpira hautasimama kwenye grini, punguza bei au achana nayo. Na zile zisizopakwa kromu, zinazouzwa kwa makusudi zishike kutu, hewa yetu ya chumvi inazimaliza sura haraka. Kutu yenyewe haiharibu mchezo, lakini kama unapenda fimbo safi chukua kromu na uifute kabla hujafunga begi.

Alafu muombe muuzaji uipige mipira kumi kwanza, mitano kwenye mchanga na mitano kwenye ardhi kavu iliyokwanguka, siyo kwenye zulia.