Ziara ya miradi ya maji vijijini Dodoma: tathmini ya huduma tuliyopewa

Kikundi chetu cha usharika kutoka Dar es Salaam kimerejea kutoka mkoani Dodoma, ambako waandaaji wa ziara za makanisa walitupeleka kutembelea miradi ya maji safi katika vijiji vya wilaya za Chamwino na Mpwapwa. Kwa kuwa sharika nyingine zimekwisha kutuuliza iwapo huduma hii inastahili gharama yake, naanza na jibu lenyewe: inastahili, ila kwa sharti kwamba mwandaaji akubali kuwafikisha wageni kwenye mradi wa zamani na kuwakalisha na wale wanaouendesha. Siku tuliyofanyiwa hivyo ndiyo iliyobeba thamani ya safari nzima.

Kuhusu usafiri, malazi na chakula sina malalamiko. Gari lilikuwa zima, dereva alikuwa makini kwenye barabara za vumbi, na ugali wa uwele kwa mlenda tuliopikiwa na kina mama wa kijijini ulilipiwa papo hapo, tena kwa kina mama wenyewe.

Siku ya kwanza tulipelekwa Chamwino kwenye mradi mpya wa kisima kirefu chenye pampu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, tenki lililoinuliwa juu ya mnara na vilula, yaani vituo vya bomba vya kuchotea maji, vyenye mita. Kazi imefanywa vizuri. Jukwaa la kila kilula ni la zege, mfereji wa kutolea maji yanayomwagika unafika mbali, na uzio unazuia mifugo. Mapokezi yenyewe, hata hivyo, yalitusononesha. Kilula kilichokuwa karibu na uwanja wa mkutano kilikuwa kimefungwa tangu alfajiri ili kifunguliwe mbele yetu, nasi tulichelewa njiani, kwa hiyo kina mama waliopanga ndoo zao mapema walisubiri hadi karibu saa sita mchana, wakati maji yalikuwa ndani ya bomba. Hakuna aliyetulaumu, na wazee wa kijiji walitupokea kwa heshima kubwa. Mchungaji wetu aliomba hotuba zikatishwe ili watu wachote kwanza, na nashukuru kwamba mwenyekiti wa kijiji alikubali mara moja. Waandaaji hawana budi kuuacha utaratibu huo, kwa sababu mgeni aliyekwenda kuona maji yakiwafikia watu hapaswi kuwa sababu ya watu hao kuyakosa nusu siku.

Jambo la pili lililopungua siku hiyo ni taarifa za ubora wa maji. Maji ya ardhini Dodoma mara nyingi huwa na chumvi, na katika mikoa kama Arusha, Manyara na Singida tatizo la floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, linajulikana. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na kiwango hicho hakionekani kwa macho wala hakionjeki ulimini. Tulipoomba kuona majibu ya maabara, mwongozaji hakuwa nayo. Karatasi hiyo inapaswa kuwa ya kwanza kwenye bahasha anayopewa kila mgeni.

Siku ya Mpwapwa ilikuwa tofauti kabisa. Tulikwenda kwenye kisima chenye pampu ya mkono aina ya Afridev, ambacho kimekuwa kikitumika kwa miaka mingi. Pampu hiyo ilibuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kenya, kwa lengo la kumwezesha mwanakijiji kuitengeneza bila kusubiri winchi wala gari la mafundi kutoka wilayani. Siku hiyo maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, na fundi wa kamati, mama mmoja wa makamo, alisema atatuonyesha kazi yake badala ya kutuhutubia. Kwa spana moja alifungua kichwa cha pampu, akatoa mpini, kisha akaanza kuvuta fimbo za chuma moja baada ya nyingine, akizilaza juu ya turubai ili zisiguse udongo, hadi pistoni ilipotokea. Sili ya mpira, ile pete inayozuia maji yasivuje pembeni mwa pistoni, ilikuwa imelika upande mmoja. Aliipitisha mkononi kwa kila mmoja wetu tuishike, akaweka mpya, akarudisha fimbo, na baada ya kupampu kwa muda maji yakaja kwa nguvu. Bomba la plastiki lililomo kisimani halikuguswa kabisa, na hilo ndilo lililotufanya tuelewe ubora wa muundo huo kuliko maelezo yoyote.

Baada ya hapo mweka hazina alifungua daftari la michango. Kila kaya huchangia baada ya mavuno, wazee wasio na msaada wamesamehewa, na kila kipuri kilichonunuliwa kimeandikwa pamoja na nauli ya aliyekifuata mjini. Kamati ina Wakristo na Waislamu, na kisima ni cha wote. Tulikaa naye muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na mwongozaji, kwa sifa yake, hakutuharakisha. Yeye ndiye aliyetueleza historia inayofanya daftari lile liwe na uzito: kwamba mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake, kwamba mitambo mingi ilisimama kwa kukosa dizeli na vipuri, na kwamba Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku ndani ya mita 400, huku ikiwataka wanakijiji wabebe gharama za uendeshaji. Tangu mwaka 2019 RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ndiyo inayosimamia maji vijijini, na vyombo vya jamii, yaani jumuiya za watumia maji, vinaendesha miradi chini yake. Mwongozaji anayeweza kueleza hayo kwa utulivu, akiwa ameegemea ukingo wa kisima chenyewe, ni hazina.

Upande wa fedha, ada ilitajwa kwa jumla, na ilitubidi tuulize mara kadhaa ndipo tukaambiwa ni sehemu gani inayobaki kijijini. Usharika utakaokwenda uombe mchanganuo huo kwa maandishi kabla ya kulipa, na uombe pia sadaka ya wageni iingie kwenye akaunti ya chombo cha maji badala ya kukabidhiwa mtu hadharani. Zawadi za nguo na peremende kwa watoto ziachwe nyumbani. Tulipomuuliza fundi wa Mpwapwa ni kitu gani kingemfaa zaidi, alitaja sili na vali za akiba.

Ninashauri safari ifanywe kati ya Agosti na Oktoba, mvua zikiwa mbali, kwa kuwa ni wakati huo ambapo baadhi ya familia hurudi kuchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, na mgeni anaweza kuona ni kituo kipi kinachoendelea kutoa maji na kipi kimekauka. Vikundi vikubwa kupita uwezo wa gari moja vigawanywe, kwani daftari la mweka hazina haliwezi kusomwa na watu arobaini kwa pamoja.