Kisiwa cha Roda, Cairo: uzoefu wangu

Jamani mkienda Cairo msiishie piramidi tu, tengeni siku nzima ya Roda, kile kisiwa cha katikati ya mto Nile pale pale mjini. Ukikiangalia juu juu utaona maghorofa na foleni tu. Nilishuka metro kituo cha El Malek El Saleh, hilo ni jina la sultani aliyejenga ngome yake humo kisiwani karne ya 13, halafu nikavuka daraja kwa miguu.

Kilichonimaliza kabisa ni Kipimo cha Nile kule ncha ya kusini, kimejengwa mwaka 861 enzi za khalifa al-Mutawakkil. Ni kisima kikubwa cha mawe, katikati nguzo ya marumaru yenye pembe nane imechorwa alama za dhiraa, kutani kuna aya za Qurani kwa khati ya Kufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu. Zamani maji ya mto yaliingia kwa mifereji mitatu ya chini kwa chini, basi wanasoma yamefika wapi, yakigonga kama dhiraa 16 ujue mavuno yapo na kodi inapangwa hapo hapo, yakipungua ni njaa, yakizidi sana mafuriko. Yaani serikali nzima inasubiri nguzo moja iseme! Na mafuriko yenyewe yalikuwa yanaletwa na mvua za milima ya Ethiopia, huko mbali kabisa. Siku hizi, baada ya bwawa la Aswan la 1970, hakuna tena cha kupima, na mifereji imezibwa, pamekauka ndo maana unaweza kushuka ngazi mpaka chini kabisa. Mlango nilikuta umefungwa, ulizia mwenye funguo, usikate tamaa ukarudi.

Hapo jirani tu kuna makumbusho ya Umm Kulthum, yule mwimbaji maarufu wa Misri, ni kadogo lakini miwani yake myeusi na vitambaa vyake vya mkononi vipo, kama ulikua unasikia sauti yake redioni nyumbani utasisimka.

Kasri la Manial liko upande wa kaskazini, la mwanamfalme Mohammed Ali Tewfik, ujenzi ulianza 1899. Vyumba vina nakshi za Kituruki, Kiajemi na Kimoroko, vizuri mno, ila ile sehemu ya wanyama waliowindwa mimi niliipita haraka. Bustani yake ndo penyewe, ina miti mikubwa yenye mizizi inayoning'inia, kivuli cha kutosha, hata honi za nje huzisikii sana. Nendeni asubuhi, mchana jua la Cairo halina huruma.