Ukali wa HUS kwa mtoto: seli nyeupe au hesabu ya hemoglobini na kreatinini?

HUS (hemolytic uremic syndrome, ugonjwa wa damu na figo) humpata mtoto mara nyingi baada ya kuhara damu kunakoletwa na bakteria E. coli: seli nyekundu huvunjika, figo hushindwa kazi. Nani atazidiwa?

Seli nyeupe za damu zikizidi 20,000 kwa mikrolita ni ishara mbaya, na kipimo ni rahisi. Ila hakigusi figo.

Mimi naegemea njia ya pili: hemoglobini (protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni) kwa g/dL, ujumlishe kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zikishindwa) kwa mg/dL iliyozidishwa mara mbili. Jumla ikipita 13, hatari ni kubwa. Ajabu ni kwamba hemoglobini ya juu, ambayo kwingine ni habari njema, hapa huashiria damu iliyokolea kwa kupungukiwa maji. Kwa hiyo hesabu hii hudokeza hata tiba: maji ya mshipa mapema, kwa uangalifu.