Hita ya gesi ya zamani, fundi wa dukani na kiberiti chake: uzoefu wangu Arusha

Naandika hasira bado ziko juu kwa hiyo mtanivumilia. Kuna duka la vifaa vya gesi hapa Arusha mjini, jina silitaji, ila kwa huduma wanayotoa ukishanunua nawapa sifuri. Kifaa chenyewe walichoniuzia miaka ile nilikuwa nakisifia kwa kila mtu, na bado nakisifia, ingawa kuna sehemu nitakilaumu pia, subirini nifike.

Ni ile hita ya gesi ya kufunga ukutani, ya maji ya kuoga, ukifungua bomba inajiwasha yenyewe. Ilifungwa tulipohamia huku Ilboru na imetuvusha baridi za mwezi wa sita na wa saba zote. Anayekaa huku juu anajua asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati na maji ya simtanki huwezi kuyashika. Umeme ukatike usikatike sisi tunaoga, maana inatumia betri mbili tu zile kubwa za redio. Na nyumbani nina mama mkwe, magoti yanamsumbua, maji yasipokuwa ya moto haogi.

Sasa mwaka huu baridi ilipoanza tu na yenyewe ikaanza. Unafungua bomba inalia ta-ta-ta-ta kwa muda mrefu, moto haushiki, halafu ghafla BUU, kava linatikisika na majirani wanasikia. Asubuhi nyingine inalia ta-ta-ta mpaka inajizima yenyewe, maji yanatoka ya baridi vilevile, unachemsha kwenye sufuria unabeba ndoo. Huo mlipuko mtu asiuzoee jamani. Maana yake gesi imeshatoka, cheche imechelewa, ikija kushika inakuta gesi imejikusanya ndani inaungua yote kwa mpigo. Leo itatikisa kava, kesho itakuunguza uso.

Nilishaangalia vya kuangalia. Betri niliweka mpya. Kichujio cha pale maji yanapoingilia nilikifungua nikakisafisha, maana kila mgao wa maji ukiisha yanarudi na tope. Mtungi nilibadilisha. Na ningependa mjue hili kwa faida yenu: hita ya aina hii ikiwa HAILII kabisa, hangaika na betri, kutu kwenye vishikio vya betri, au maji, kwa sababu ni maji yakipita kwa nguvu ndiyo yanasukuma kiwambo cha mpira ndani na kubonyeza swichi. Ndiyo maana mtu simtanki yake imekaa chini chini hita inaweza kuwa mpya kabisa na isiwake. Ikiwaka halafu ikazima baada ya sekunde chache, angalia kile kipini kinachohisi moto, kikishika masizi boksi la kontroli, lile linalotoa cheche na kuruhusu gesi, linaona hakuna moto na linafunga gesi. Yangu ilikuwa inalia vizuri tu. Maji yapo, betri zipo, gesi ipo, cheche ndiyo haifanyi kazi yake. Haya yote nilimpangia fundi wao tangu kwenye simu.

Akaja. Salamu yenyewe ya kuvutia vutia, swali la kwanza "baba yupo?" Nikamwambia hayupo, hita nimenunua mimi, niambie mimi. Akasema basi atampigia simu baadaye maana haya ni mambo ya kitaalamu. Nikanyamaza. Akafungua bomba, ta-ta-ta, akafunga. Kava hakulitoa, bisibisi hata haikutoka kwenye mkoba, akatangaza boksi la kontroli limekufa, spea zake hazipo tena, mama tupa hii, pale dukani tuna mpya nzuri tutakufanyia bei.

Nikamweleza kwamba jana yake usiku umeme ulikatika, nikafungua bomba gizani, na kwenye kile kidirisha cha hita nikaona cheche ya bluu inaruka PEMBENI, kule waya unakopita karibu na bati, pale kwenye bana, yaani kile chombo chenye tundu gesi inapowakia, panapotakiwa kuwaka hakuna kitu. Yaani boksi linatoa cheche, ila inaishia njiani. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe umeona cheche, mimi nimesomea."

Aisee. Hiyo sentensi nimelala nayo nimeamka nayo. Mtu anayafanya macho yangu ni ya bure, naona kitu ambacho yeye hajaona kwa sababu hakujisumbua kuangalia, halafu ananiambia amesomea!

Na bado sijafika kwenye lenyewe. Akasema labda na mpira wa gesi unavuja, ngoja aangalie. Akatoa kiberiti mfukoni, akakiwasha, akaanza kupitisha MOTO kwenye maungio, kuanzia kwenye hita, anashuka nao mpaka kwenye regyuleta pale juu ya mtungi wa kilo 15. Mama mkwe amekaa kwenye kiti hapo hapo varandani. Nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, inajaa miguuni bila wewe kuiona, na kinachokusaidia ni ile harufu waliyoitia makusudi tu. Kuangalia kama panavuja unachukua maji ya sabuni, unapaka kwenye maungio, povu likivimba panavuja, basi, hakuna cha kiberiti. Mtu aliyesomea hajui hilo? Nilimtoa. Shilingi elfu ishirini ya "kukagua" nilikuwa nimeshalipa kabla hajatoka dukani.

Aliyeitengeneza ni chalii wa mtaani kwetu, amesoma chuo cha ufundi VETA, kazi yake kufunga majiko ya gesi. Kaingia, "shikamoo bibi, shikamoo mama", halafu akaniuliza "mama inafanyaje?" na akasikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye cheche ya pembeni akasema tuione. Akafunga mtungi kwanza, akatoa kava, tukatundika blanketi kuzuia mwanga, nikafungua bomba. Gesi imefungwa kwa hiyo ni cheche tupu, na ikaonekana pale pale nilipomwambia yule mwingine. Ganda la waya limekauka kwa joto la miaka, limepasuka, na bati liko karibu. Boksi linachukua volti tatu za betri linazipandisha mpaka volti maelfu, umeme wa namna hiyo ukipata bati karibu hauna sababu ya kwenda mbali kwenye bana.

Akavisha waya mpira wa silikoni unaovumilia joto, akausogeza mbali na bati, akapitisha msasa kwenye ncha ya kipini, akapiga brashi bana lote, kulikuwa na kutu na utando wa buibui kwenye tundu za gesi. Akarudisha kava, akapaka sabuni kwenye maungio bila kuambiwa. Ta-ta, moto. Wa bluu, umetulia, hakuna BUU. Pesa aliyochukua ni ndogo kuliko ile ya kukagua.

Kwa hiyo hita naipa nyota tano. Hapana, tatu, kwa sababu waliopitisha waya wa cheche pembeni kabisa mwa bati linalopata moto kila siku walikuwa wanafikiria nini, na hao wanaouza kwa nini hawana hata kipande cha waya dukani? Lakini miaka yote hiyo imedai waya tu, na leo asubuhi mama mkwe kaoga akatoka anaimba pambio. Nne. Siiuzi.

Ila nyie mnaotaka kununua, ifungwe NJE ya bafu, hewa ipite. Kuna nyumba za kupanga nimeona wameifunga ndani ya bafu na dirisha wanafunga sababu ya baridi. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, mtu anaishiwa nguvu humo humo anaoga. Msikubali, hata fundi akisema amesomea.

Duka nimewatumia video ya cheche na video ya moto unavyowaka sasa. Wamezifungua, kimya. Nataka elfu ishirini yangu, na nataka yule fundi anyang'anywe kiberiti kabla hajaingia nyumba ya mtu mwingine.