Tuliomba mtu wa maziwa: uzoefu wetu na huduma ya kuunganisha wanaojitolea na vijiji

Kikundi chetu cha wafugaji, kilichopo milimani juu ya Tukuyu, kimeitumia mara mbili huduma ya shirika moja la jijini Mbeya linalopeleka watu wa kujitolea vijijini.

Mara ya kwanza tuliomba mtaalamu wa maziwa, kwa sababu maziwa yetu ya jioni yalikuwa yakikataliwa kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa baada ya kuganda kwenye kipimo cha alkoholi, yaani yakichanganywa na alkoholi kidogo ili kuona kama yameanza kuchacha. Tukaletewa kijana mwenye shahada ya masoko, mchapakazi na mwenye adabu, aliyetuchorea nembo nzuri ya maziwa ambayo bado yalikuwa yakimwagwa. Simlaumu yeye. Fomu ya shirika ilikuwa na kurasa nne za kumuuliza anayejitolea kuhusu vyeti vyake, na mistari mitatu tu ya kukiuliza kijiji shida yake. Tena alikuja Aprili, mvua za Rungwe zikiwa zimepamba moto na njia za kwetu hazipitiki, hivyo siku nyingi alishinda sebuleni kwa mwenyekiti akinywa chai.

Mara ya pili tuliambatanisha barua iliyoeleza nani anakamua, saa ngapi, kwa chombo gani, na maziwa hukaa muda gani kabla ya kufika kituoni. Safari hii alikuja mama mmoja mstaafu, fundi wa maziwa kwa miaka mingi, ambaye pia anasikia Kinyakyusa. Hakuanza na semina. Saa 11 alfajiri alikuwa zizini kwa jirani yangu, akaishika ndoo ya plastiki iliyokwisha kuoshwa, akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo ya ndani, kisha akatuonyesha utando mweupe ulionasa kuchani. Humo ndimo bakteria walimokuwa wakizaliana usiku kucha. Tulichanga tukanunua keni za alumini, na sasa maziwa ya jioni tunayapoza kwa kuzitumbukiza keni hizo kwenye beseni la maji ya kijito, ambayo huku kwetu hayahitaji barafu. Kukataliwa kumepungua sana, ingawa hakujaisha.

Huduma yenyewe hailipiwi, lakini malazi na chakula cha mgeni ni juu ya kikundi, jambo ambalo hatukuambiwa mapema.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku ofisa wao atakapopanda gari kuja kuliona zizi kabla ya kumchagua mtu wa kutuletea.