TAHADHARI: Winchi ya "kilo 12,000" iliyo ya paundi 12,000

Ndugu zangu mnaoandaa malori ya safari za porini, kuna muuzaji anazunguka na winchi (mashine za mota na waya za kulinasua gari lililokwama) zilizobandikwa uwezo wa uongo. Sisi ameshatuuzia. Naandika kabla hajamfikia mwingine, kwa sababu uongo wa namna hii unaweza kuua mtu.

Lori letu likishapakiwa maji, mafuta na vipuri lina kilo 7,500. Mafundi wa winchi huchukua uzito wa gari lililojaa wakauzidisha mara moja na nusu, kwa hiyo tulihitaji winchi ya kilo 11,250 hivi. Jamaa akatuletea yenye kibandiko kipya kinachong'aa: 12,000 KG. Tukaridhika. Fundi aliyekuja naye akaifunga haraka haraka, akapewa chake, wakaondoka.

Mara ya kwanza tulipoihitaji kweli, lori lilikuwa limezama matopeni hadi kwenye ekseli. Gari lililozama hivyo hudai nguvu inayokaribia uzito wake wote. Tukazungusha mkanda kwenye mti, tukatandika koti zito juu ya waya, kila mtu akasogea mbali. Winchi ikavuta kidogo, ikapunguza mwendo, ikasimama huku mota ikinuka kuungua. Sijaachia kitufe, boliti mbili kati ya nne zilizoishika zikakatika na winchi ikanyanyuka upande mmoja. Dakika chache kabla, mdogo wangu alikuwa ameinama palepale akinyoosha waya. Nikikumbuka hilo hadi leo mwili unanisisimka.

Tulijinasua kwa koleo na mbao, tukichimba mpaka usiku.

Kulipokucha nikakibandua kile kibandiko. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, namba ni ileile 12,000, ila ni paundi. Paundi 12,000 ni kilo 5,443. Na hata hizo 5,443 unazipata waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma, yaani pipa la winchi linalozungushia waya. Kadiri tabaka zinavyojaa juu yake nguvu inapungua, na kwenye tabaka la nne karibu theluthi nzima huwa imeshapotea. Mti wetu ulikuwa karibu, ngoma ilikuwa bado imejaa waya. Maana yake lori la tani 7 na nusu lilikuwa linavutwa na kitu kisichofika tani 4.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Waya wake una unene wa milimita 9.5, na waya wa chuma wa unene huo hukatika kwenye tani 6 na nusu hivi. Nani atengeneze winchi ya tani 12 halafu aifunge waya wa tani 6? Tena watu wawili waliishusha kwenye gari bila hata kupumzika. Winchi ya tani 12 ya kweli haibebeki hivyo.

Ufungaji nao ulikuwa balaa. Lori letu ni la volti 24, mota ya winchi ni ya volti 12. Fundi yule hakusema neno, akachukua umeme kwenye betri moja ya volti 12 kati ya mbili. Winchi inainyonya hiyo moja, alteneta inachaji zote mbili kwa mkupuo, basi moja inabaki na njaa huku nyenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwisho zote zinakufa. Nyaya alizotumia ni nyembamba, ilhali mota ya volti 12 ikielemewa huvuta zaidi ya ampea 400. Swichi kuu ya kukata umeme hakuweka. Sahani ya winchi aliifunga kwenye bati la bampa badala ya chesi (fremu kuu ya lori), kwa boliti zisizo na alama yoyote kichwani. Boliti ya kazi hii huandikwa daraja la uimara wake, 8.8 au 10.9.

Nilipompigia muuzaji, kwanza alisema tumeitumia vibaya, baadaye akasema dhamana haihusu matope, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Mtamtambua hivi: anataka alipwe zote kabla boksi halijafunguliwa, anang'ang'ania fundi wake mwenyewe, kitabu cha maelekezo eti kimepotea, na risiti yake inasema "winchi moja" tu. Mwambie aandike kwenye risiti uwezo kwa kilo na volti za mota. Sisi hatukumwambia.

Kama tayari umenunua kwake, bandua kibandiko leo, pima unene wa waya, angalia vichwa vya boliti. Ukikuta niliyoyakuta, ing'oe kabisa, msije mkaitegemea mkiwa mbali na msaada.