Samaki asiyepitia friza: chakula cha mchana Nyalenda

Mimi ni fundi wa friji na friza. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Kisumu, na kazi yangu ni kufungua mifuniko ambayo mteja wa hoteli haoni kilicho ndani. Nimelala chali nyuma ya jikoni za Milimani, za katikati ya mji na za Kondele nikitafuta gesi inakovujia, na mara nyingi kabla sijashika spana huombwa kwanza nisaidie kutoa samaki. Kwa hiyo nikisema hoteli ninayoipenda kuliko zote mjini haina friza hata moja, nimelipima neno hilo.

Iko Nyalenda, ukiacha Ring Road na kuingia kichochoro kinachoteremka upande wa ziwa. Haina kibao. Mabati ya mbele yamepakwa buluu, na nje kuna karai pana juu ya jiko la makaa. Mwambie dereva wa tuktuk akupeleke kwa yule mama wa samaki anayefunga Jumamosi. Ni Msabato, na Jumamosi hapiki hata umbembeleze vipi. Ndani kuna meza nne na mabenchi, watu kumi na wanne wakibanana.

Samaki wake hutoka ufukwe wa Dunga asubuhi, kwa bodaboda, ndani ya beseni lililofunikwa gunia lililoloweshwa maji. Ukifika hakupi menyu. Anafunua gunia na kusema, "Fundi, chagua." Siku za kwanza nilichagua kwa ukubwa tu, akanirudi. Alinifundisha kutazama jicho: liwe angavu na limejaa, lisiwe limezama wala kushika utando mweupe. Mashavu ukiyafunua yawe mekundu, yasigeuke rangi ya kahawia. Ukibonyeza nyama kwa kidole, shimo lijae lenyewe.

Mimi kwa upande wangu nilimweleza yale ninayoyajua ya baridi. Samaki akigandishwa polepole katika friza ya kawaida, maji yaliyomo kwenye nyama huwa chembe kubwa za barafu, na chembe hizo huichana nyama kwa ndani. Siku anapoyeyushwa, maji yanatiririka na kuondoka na utamu wake. Ndiyo maana mafuta hulipuka anapotiwa karaini, na ndiyo maana ukimla unatafuna kitu kama pamba iliyoloa. Ongeza hapo umeme wetu unaopotea kwa muda wa saa tatu au nne: anayeyuka, anaganda tena, anachanika mara ya pili. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Nimeona pia maboksi ya tilapia kutoka China katika mji uliokaa kando ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi. Mwenye kumuuza na kusema ni wa China, mimi sina neno naye, bei ni nafuu na watu lazima wale. Kinachoniudhi ni kumweka huyo kwenye sahani kisha kuandika ukutani kwamba ni samaki wa ziwani wa leo.

Kwa mama wa Nyalenda, ngege, yaani tilapia wa ziwani, huparuliwa magamba, huchanjwa mara tatu kila ubavu, hupakwa chumvi, basi. Mafuta huwa ya moto hasa, na akishamtia hamgusi mpaka upande wa chini ushike vizuri. Ukimtaka mkavu atakuletea hivyo hivyo, na kachumbari na kipande cha ndimu. Mimi huchukua wa mchuzi. Baada ya kukaangwa anaingia kwenye sufuria ya nyanya nyingi na vitunguu, bila viungo vya pakiti, anatokota taratibu mpaka mchuzi uwe mzito na ngozi ilainike bila kuachia nyama. Hiyo ngozi, iliyokunywa nyanya lakini bado ina ukaango wake, ndiyo inayonitoa Mamboleo ninakoishi mpaka huku. Nyama ya mgongoni inatoka kwa vipande vinene, vyeupe, vyenye unyevu wake. Hutafuti utamu, uko pale.

Ugali ni wa aina mbili, mweupe wa mahindi na mweusi wa mtama uliochanganywa na muhogo. Chukua mweusi. Una uchachu kidogo unaokubaliana na nyanya, na unashikana mkononi bila kunata. Mboga hubadilika kwa siku: osuga, dek ambayo ni saga, au mrenda ambao wenyewe huuita apoth. Osuga, ile tunayoiita managu, anaipika kwa maziwa na kuirudisha jikoni siku ya pili, maana uchungu wake hupungua kadiri inavyokaa na maziwa. Ukipata ile ya jana, umebahatika.

Siku nyingine huwa na omena, wale dagaa wa ziwani, lakini fuata mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, basi siku hizo hana na hakuuzii wa zamani. Mbuta, yaani sangara, anampika kwa vipande. Mgongo wazi hauzi, ukiutaka nenda Obunga, huko ndiko wanakojua kukaanga mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa kwenda nje ya nchi. Nimeula mara nyingi nikiwa sina pesa na siuonei haya, ni mtamu.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Vihiga kwa kliniki ya macho. Nilitaka kumheshimu, nikampeleka hoteli yenye vitambaa vya meza na feni kila pembe. Samaki wawili, ugali na soda, shilingi 2,100. Nilipogusa yule samaki tu nilijua. Nyama ilibonyea na kubaki imebonyea. Mama alikula matonge mawili, akamsogeza kando polepole, akaendelea na ugali na mchuzi kwa adabu zake zote. Tulipotoka akaniambia, "Mwanangu, yule samaki alikuwa amechoka." Mimi, ninayeishi kwa kuyajua mambo hayo, nilinyamaza mezani kwa sababu sikutaka ugomvi mbele ya mgeni. Nilipaswa kumrudisha samaki jikoni. Bado linaniuma.

Kliniki iliyofuata nilimleta Nyalenda. Mwenye hoteli alimwona tu akasema, "Karibu mama, keti hapa, moshi haufiki." Mamangu akachagua ngege mwenyewe, akaomba kichwa kisikatwe. Alikila kichwa chote, mashavu, macho na ule unono wa nyuma ya shingo, akabakiza mifupa iliyopangwa ukingoni mwa sahani. Kisha ukaja mrenda. Huyu wa Nyalenda huulainisha kwa magadi kidogo. Kwetu Vihiga huchanganywa na kunde na kutiwa munyu, maji yaliyochujwa kwenye majivu. Wakabishana juu ya hilo mpaka samaki wangu akapoa, mmoja Kiswahili chake kimejaa Kiluhya, mwingine Kiluo. Niliporudi kutoka nyumbani mwezi uliofuata nilikuwa na chupa ya munyu mfukoni, nimeagizwa. Sasa kuna siku ukiomba mrenda utaulizwa, "Wa hapa au wa Vihiga?"

Kuna mambo lazima uyajue kabla ya kwenda. Kusubiri ni dakika arobaini, maana samaki haanzi kupikwa mpaka umchague, kwa hiyo usiende ukiwa na haraka ya kurudi ofisini. Upepo ukigeuka kutoka ziwani, moshi wa karai unaingia ndani na nguo zako zitanuka mpaka jioni. Mvua ikinyesha kichochoro kinakuwa tope tupu, na meza ya karibu na mlango hupata matone. Choo kiko ploti ya jirani na unaomba ufunguo. Hili la choo nimemwambia, na nitaendelea kumwambia, kwa sababu wateja wake wengine ni wazee. Maji ya kunawa lakini ni ya vuguvugu, sabuni ipo siku zote, na binti yake anakumiminia bila kuharakisha.

Bei ninayolipa ni hii: ngege wa kiasi shilingi 300, mkubwa wa kutosha watu wawili 550, ugali 50, mboga 50. Mchuzi wa kuongeza haulipiwi.

Waliokula Lwang'ni enzi zile, vile vibanda vya ufukweni kabla ya kubomolewa kupisha ukarabati wa bandari, watakumbuka kuchagua samaki kwa kidole na kula ukitazama maji. Hapa ziwa huoni, unasikia harufu yake tu jioni. Lakini ule uhuru wa kumwona samaki wako kabla hajaguswa na moto nimeukuta tena hapa, na kwangu hilo lina uzito kuliko kiti laini.

Mwaka huu nilipata friza ya mitumba, nzima kabisa, compressor yake nimeifunga mwenyewe. Nikamwambia mama wa samaki nitampa kwa bei ya kuninunulia nyaya tu. Alishukuru, akafikiri, kisha akasema, "Fundi, nikiwa na friza nitaanza kununua samaki wa kesho." Nikaiuza kwa mwenye duka la maziwa.

Basi fika kabla ya saa saba. Saa nane na nusu beseni huwa tupu na jiko limezimwa, na hakuna cha akiba. Ijumaa ndiyo siku yake nzuri, maana ananunua wengi kwa kuwa kesho yake hafungui. Ukimkuta ngege mwenye tumbo limejaa, muulize kama ana mayai. Akiwa nayo, omba yakaangwe pembeni.